Namba Mbili za Simiyu: 1,584,157 na 2,140,497



Tarehe 26 Agosti 2012 makarani wa sensa walianza kupita kaya kwa kaya wakiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ile. Mkoa wa Simiyu ulikuwa mchanga kabisa. Ulikuwa umemegwa kutoka Shinyanga mwaka huohuo, na Busega ikaongezwa kutoka upande wa Mwanza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kujumlishwa chini ya jina moja, na jumla yao ikawa 1,584,157. Miaka kumi baadaye, tarehe 23 Agosti 2022, makarani walirudi, safari hii wakiwa na vishikwambi mkononi. Jumla ikawa 2,140,497.

Namba hizi mmezisikia mara nyingi. Zinatajwa kwenye vikao vya bajeti, zinatumika kukadiria madarasa, zahanati na visima. Kila anayezitaja huzitaja kwa ajili ya ukubwa wake: tumeongezeka watu 556,340, yaani asilimia 35 kwa miaka kumi, karibu asilimia 3 kila mwaka. Hayo ni mambo mazito na yana wataalamu wake. Mimi leo naomba tuzitazame namba hizi mbili kwa namna nyingine, kama namba. Zimejengwa kwa nini? Zinagawanyika vipi? Ipi inakubali kupangwa katika miraba na ipi inakataa? Na nataka kuonyesha kwamba mtu aliyekaa Lagangabilili au Mwanhuzi, mwenye kalamu, daftari na subira, anaweza kuyajua majibu kwa uhakika uleule alionao profesa wa chuo kikuu chochote duniani, bila kulazimika kumwamini mtu yeyote. Katika elimu zote nilizozigusa sijaona nyingine inayompa mwanafunzi wa kijijini haki hiyo kwa ukamilifu kama hesabu.

Tuanze na ukaguzi, kwa sababu namba isiyokaguliwa haifai kuchunguzwa. Mwaka 2012 wilaya zetu tano zilikuwa na watu hivi: Bariadi 422,916; Itilima 313,900; Maswa 344,125; Busega 203,597; Meatu 299,619. Je, zikijumlishwa zinatoa kweli 1,584,157? Unaweza kujumlisha upya, lakini aliyekosea mara ya kwanza anaweza kukosea palepale mara ya pili. Iko njia ya kale inayoitazama hesabu kutoka upande mwingine. Unaitafutia kila namba baki yake ikigawanywa kwa 9, na baki hiyo huipati kwa kugawanya bali kwa kujumlisha tarakimu zake tu. Sababu ni nyepesi: 10 ni 9 na moja, 100 ni 99 na moja, 1,000 ni 999 na moja. Kila tarakimu, hata ikae nafasi gani, ikishaondolewa tisa zote inabaki yenyewe.

Bariadi: 4+2+2+9+1+6 ni 24, na 2+4 ni 6. Itilima: 16, yaani 7. Maswa: 19, halafu 10, halafu 1. Busega: 26, yaani 8. Meatu: 36, yaani 9, ambayo kwa hesabu hii ni sawa na sifuri. Jumlisha 6, 7, 1, 8 na 0 upate 22, yaani 4. Sasa nenda kwenye jumla ya mkoa: 1+5+8+4+1+5+7 ni 31, na 3+1 ni 4. Pande mbili zimekutana. Njia hii Waarabu na Wahindi waliijua zamani sana, na Leonardo wa Pisa, aliyejifunza hesabu akiwa kijana katika bandari ya Bejaia kwenye pwani ya Algeria, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1202.

Ina udhaifu mmoja ambao mwalimu asiufiche. Karani akibadilisha nafasi za tarakimu mbili, akaandika 1,584,175 badala ya 1,584,157, jumla ya tarakimu haibadiliki na njia ya tisa haioni chochote. Ndipo tunapoita 11. Hapa tarakimu tunazichukua kuanzia kulia, tukijumlisha moja na kutoa inayofuata, kwa sababu 10 ni 11 kasoro moja, 100 ni 99 na moja, 1,000 ni 1,001 kasoro moja, na kuendelea hivyo. Kwa mkoa: 7−5+1−4+8−5+1 ni 3. Kwa wilaya, kwa mpangilio uleule, zinatoka baki 10, 4, 1, 9 na 1, jumla 25, na 25 ukiondoa 22 inabaki 3. Ungebadilisha tarakimu mbili za mwisho, ungepata −1 mahali pa 3, na kosa lingejitokeza. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakifundishwa njia hizi mbili, wanaweza kukagua vitabu vya mahesabu vya chama cha msingi cha pamba kwa dakika chache.

Kwa kuwa tumeigusa Meatu, tusimame kidogo. 299,619 ukiigawa kwa 3 unapata 99,873. Igawe tena kwa 3, upate 33,291. Tena, 11,097. Tena, 3,699. Tena, 1,233. Tena, 411. Tena, 137. Mara saba mfululizo bila baki hata kidogo! Watu wa Meatu wa mwaka 2012 wangeweza kugawanywa makundi matatu yaliyo sawa, kila kundi likagawanywa matatu, hivyo hivyo hadi ngazi ya saba, na mwishoni kila kikundi kingekuwa na watu 137. Ukiokota namba bila kuchagua, ni moja tu kati ya kila 2,187 inayovumilia hilo. Hakuna aliyelipanga. Limetokea, na limekaa ndani ya jedwali la sensa miaka yote hii likisubiri wa kuligundua.

Sasa tuichukue namba ya 2022, 2,140,497, tuitafutie vigawo vyake tasa. Tarakimu yake ya mwisho ni 7, basi ni witiri, na haigawanyiki kwa 2 wala 5. Jumla ya tarakimu zake ni 27, basi inagawanyika kwa 9, na hisa ni 237,833. Jumla ya tarakimu za hiyo ni 26, basi 3 imekwisha kazi. Jaribu 7: baki 1. Jaribu 11: inakataa. 13, baki 11. 17, baki 3. 19, baki 10. Endelea na 23, 29, 31, 37, 41, zote zinakataa. Hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini na kusema namba hii haigawanyiki. Wasiiweke. Jaribu 43: 43 mara 5,500 ni 236,500, na 43 mara 31 ni 1,333, jumla 237,833 kamili. Imefunguka.

Inabaki 5,531. Je, nayo inafunguka? Tunahitaji kujaribu namba tasa hadi 73 tu, kwa sababu 74 mara 74 ni 5,476 na 75 mara 75 ni 5,625. Kama 5,531 ingekuwa zao la namba mbili, moja kati ya hizo isingeweza kuzidi 74, la sivyo zao lingepita. Nimezijaribu zote, na zote zimeacha baki. Basi 5,531 ni namba tasa, na tunaandika hivi: 2,140,497 = 3 × 3 × 43 × 5,531. Hakuna njia nyingine. Ukianza na kigawo chochote, kwa mpangilio wowote, uwe Bariadi au Beijing, utaishia na hizohizo nne. Euklidi, aliyefundisha Alexandria katika Afrika yetu hii kiasi cha miaka 2,300 iliyopita, ndiye aliyeweka msingi wa uthibitisho wa jambo hilo.

Kutokana na mstari huo mfupi mengi yanajitokeza yenyewe. Namba hii ina vigawo 12, ukihesabu 1 na yenyewe. Ukiwapanga watu wote wa mkoa katika mistari iliyo sawa, mnaweza kuwa mistari 43 yenye watu 49,779 kila mmoja, au mistari 387 yenye watu 5,531. Hamuwezi kuwa mistari 7, wala 10, wala 100. Na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha namba yenyewe ni 1,023,807, chini ya nusu yake. Wagiriki wa kale wangesema ni namba pungufu.

Nikaenda kwenye namba ya 2012 nikitarajia kitu cha aina hiyohiyo. Tarakimu zinajumlika 31, kwa hiyo 3 hapana. 7 inaacha baki 1. 11 inaacha 3. 13 inaacha 3. 17 inaacha 12. 19 inaacha 13. 23 inaacha 9. Unapita 43, 97, 101, unapita 200, unapita 500, daftari linajaa, na hakuna hata moja inayoingia. Kipeuo cha pili cha 1,584,157 ni 1,258 na kidogo, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 204. Nilizijaribu zote 204. Ya mwisho ni 1,249, nayo inaacha baki 425.

Ndugu zangu, idadi ya watu wa Simiyu katika sensa yake ya kwanza ni namba tasa.

Yaani watu wale 1,584,157 wasingeweza kupangwa katika makundi yaliyo sawa ya namna yoyote ile, iwe mawili, matatu, arobaini au elfu moja. Kila mpango ungeacha mtu nje. Njia mbili tu zingewezekana: kila mtu kusimama peke yake, au wote kuwa kundi moja.

Lakini kugawanya mara 204 ni kazi ndefu, na katika kazi ndefu mkono huchoka na jicho hupitiwa. Kama nimekosea baki moja kati ya 204, tangazo langu ni bure. Namba muhimu kiasi hiki inastahili shahidi wa pili, asiyetegemea wa kwanza hata kidogo. Shahidi huyo yupo, na ndiye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mhadhara huu. Nitaipa nafasi yake.

Siku ya Krismasi mwaka 1640 mwanasheria wa Ufaransa, Pierre de Fermat, alimwandikia barua rafiki yake Mersenne akidai hivi: kila namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo vya pili viwili, na kwa njia moja tu. Chukua 13: ni 4 na 9, yaani 2 mara 2 na 3 mara 3. Chukua 29: ni 4 na 25. Chukua 37: ni 1 na 36. Fermat hakuacha uthibitisho kamili. Leonhard Euler alihangaika miaka mingi hadi akaupata, karibu mwaka 1749. Euler akaongeza kitu chenye manufaa makubwa kwetu, nacho ni kwamba kanuni hii inafanya kazi kwa kurudi nyuma pia. Namba ya aina hiyo ikiwa na njia moja tu ya kuandikwa hivyo, na namba mbili zenyewe hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, basi ni tasa. Ikiwa na njia mbili au zaidi, si tasa. Ikikosa kabisa, si tasa.

1,584,157 inaacha baki 1 ikigawanywa kwa 4, maana 57 ni 56 na moja. Inastahili kujaribiwa. Tunatafuta namba mbili ambazo vipeo vyake vya pili vikijumlishwa vinatoa 1,584,157. Moja lazima iwe witiri na nyingine shufwa, kwa sababu jumla ni witiri. Sasa tazama tarakimu ya mwisho. Kipeo cha pili cha witiri huishia na 1, 5 au 9, na cha shufwa huishia na 0, 4 au 6. Ili jumla iishie na 7, kuna ndoa moja tu inayokubalika, 1 na 6. Basi ile witiri yenyewe inaishia na 1 au 9, na ile shufwa inaishia na 4 au 6. Kwa hoja hiyo moja, witiri zinazobaki hadi 1,258 ni 251.

Tuendelee kuchuja. Namba yetu ikigawanywa kwa 32 inaacha baki 29. Vipeo vya pili vina tabia ngumu mbele ya 32. Haviachi baki yoyote vinayotaka. Hoja hiyo inatupunguzia 251 hadi 62. Mbele ya 9 vipeo vya pili huacha baki 0, 1, 4 au 7 tu, na namba yetu inaacha 4, zinabaki 35. Tumia 7, zinabaki 21. Tumia 11, zinabaki 14. Tumia 13, zinabaki 8. Nane tu! Nazo ni 69, 411, 421, 741, 789, 821, 1,029 na 1,051. Kwa kila moja unatafuta kipeo chake cha pili, unakitoa kutoka 1,584,157, unatazama kama kinachobaki nacho ni kipeo cha pili cha namba kamili.

69 inakataa. 411 inakataa, na 421, na 741, na 789. Kwa 821: 821 mara 821 ni 674,041. Toa, inabaki 910,116. Na 954 mara 954 ni 910,116. Endelea na mbili zilizobaki, kwa sababu Euler anadai njia iwe moja tu: 1,029 inakataa, na 1,051 inakataa.

Kwa hiyo 1,584,157 = 821² + 954², na hakuna njia nyingine. Namba 821 na 954 hazina kigawo cha pamoja, kwa sababu 954 imejengwa kwa 2, 3, 3 na 53, na hakuna hata mojawapo inayoingia katika 821. Shahidi wa pili amesema kama wa kwanza: namba yetu ni tasa. Wa kwanza alitumia mapito 204, huyu ametumia michujo sita na majaribio manane, na hawakutumia hatua hata moja ya pamoja. Mwanafunzi aliye hapa ukumbini anaweza kurudia yote usiku huu kwa taa ya sola, na akimaliza hatakuwa ameambiwa kwamba namba hii ni tasa, atakuwa anajua.

Najua wapo watakaotaka kuuliza kama jambo hili lina maana gani kwa mkoa, kama ni ishara ya umoja, au ya upekee, au ya kitu kinachokuja. Nawajibu kwa heshima: si ishara ya chochote. Mtoto mmoja angezaliwa saa chache mapema katika zahanati moja ya Maswa, namba ingekuwa 1,584,158, shufwa, na utasa wake usingekuwepo. Tena tukio lenyewe si adimu kama linavyosikika. Gauss, akiwa kijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita, alitazama majedwali akaona jinsi namba tasa zinavyopungua kadiri namba zinavyokua, na mwaka 1896 Hadamard na de la Vallée Poussin wakathibitisha, kila mmoja kwa njia yake. Karibu na milioni moja na laki sita, namba tasa ni kama moja katika kila 14. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na mikoa 30, kwa hiyo kwa makadirio mikoa kama miwili ingetegemewa kuwa na idadi tasa kwa bahati tu. Idadi ya nchi nzima ya mwaka 2022, 61,741,120, inaonekana kwa jicho tu kwamba si tasa, kwani inaishia na sifuri. Ya Tanzania Bara, 59,851,347, ina tarakimu zinazojumlika 42, basi 3 inaingia.

Kinachonigusa ni kitu kingine. Watu wanaamini kwamba hesabu ngumu inaishi mbali, katika vitabu vya nje na majengo makubwa, na kwamba sisi kazi yetu ni kuipokea. Lakini namba hii imetoka kwetu. Imetokana na watu waliolala Nyashimo, Lagangabilili, Mwanhuzi na Bariadi mjini usiku mmoja wa Agosti. Kanuni ya Fermat ilipoigusa, ilifanya kazi hapa kama ilivyofanya kazi Ufaransa, bila kupungua hata chembe. Mkoa huu umewahi kusifika kwa kambi zake za kitaaluma, wanafunzi wakikusanywa kujiandaa na mitihani. Ningependa siku moja katika kambi hizo itengwe kwa ajili ya namba hii, bila mtihani na bila alama, ili watoto waonje uthibitisho walioutengeneza kwa mikono yao wenyewe.

Nipite haraka kwenye matumizi, kwa kuwa wazazi watauliza. Mmeona kwamba kuzidisha 9, 43 na 5,531 ni kazi ya dakika moja, lakini kuipokea 2,140,497 na kuzirudisha namba zile kulituchukua majaribio mengi. Tofauti hiyo ya kwenda na kurudi hukua kwa kutisha namba zinapokuwa ndefu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliitumia kutengeneza kufuli la siri: unazidisha namba tasa mbili ndefu sana, unatangaza zao lake hadharani, na asiyezijua zile mbili hawezi kufungua. Namba zinazotumika leo kwenye intaneti mara nyingi zina tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti waliweza kuvunja moja yenye tarakimu 250, na iliwabidi watumie kompyuta nyingi sana kwa pamoja. Na kwa wapenda ukubwa, namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi tangazo la Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320. Namba zetu mbili za Simiyu, zenye tarakimu saba saba, ni za jamaa mmoja na hiyo.

Nimalizie na ile ya 2022, ambayo nimeiacha nyuma isivyo haki. Je, nayo ni jumla ya vipeo vya pili viwili? Inaacha baki 1 ikigawanywa kwa 4, kwa hiyo mlango unaonekana kuwa wazi. Lakini ndani yake mna 43, inayoacha baki 3 ikigawanywa kwa 4, nayo imo mara moja tu. Kanuni inasema hiyo pekee inatosha kuuziba mlango. Hakuna haja ya kujaribu hata namba moja. Haiwezekani, leo wala kesho. Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba kila namba inaweza kuandikwa kwa vipeo vya pili vinne au pungufu, na Legendre mwaka 1798 akaeleza ni zipi zinazotosheka na vitatu. Yetu ni mojawapo, kwa kuwa inaacha baki 1 ikigawanywa kwa 8. Swali ni vipi vitatu.

Hapa nawaomba mfikirie viwanja vya Nyakabindi, pale palipofanyika maonesho ya kitaifa ya Nanenane, lakini vikiwa vimepanuliwa mara nyingi. Tuwapange watu wote 2,140,497 katika mraba mmoja, mita moja kati ya mtu na mtu. Mraba mkubwa kuliko wote unaowezekana una watu 1,463 kwa kila upande, karibu kilomita moja na nusu. Humo wanaingia watu 2,140,369. Wanaobaki nje ni 128. Wachezaji wa bao tayari wamekwisha kuigundua namba hiyo, kwani ni kete za mabao mawili, 64 na 64. Na 64 ni 8 mara 8. Wale 128 wanasimama pembeni katika miraba miwili midogo, wanane kwa wanane, na hakuna mtu anayeachwa.

Yaani 2,140,497 = 1,463² + 8² + 8². Sikutarajia kuipata kwa urahisi ule. Kwa kawaida unachukua mraba mkubwa kabisa na kinachobaki kinakataa. Unapunguza, unajaribu tena, unapunguza tena. Nilipojaribu kutafuta njia ya pili ndipo nilipoonja ugumu wa kawaida. Witiri 1,461 ilikataa, kwa sababu baki lake la 5,976 lina 83 ndani yake, na 83 ni ya ukoo uleule wa 43. Nayo 1,459 ilikataa kwa sababu ya 7. Zikafuata 1,457, 1,455, 1,453, 1,451, 1,449, 1,447 na 1,445, na kila moja ilikuwa na namba tasa ya ukoo huo ndani ya baki lake. 1,443 ndiyo iliyokubali: 1,443² + 198² + 138². Jumlisheni wenyewe: 2,082,249, na 39,204, na 19,044.

Zipo nyingine chini ya hapo. Anayetaka kuzitafuta aanze na 1,441, na baki lake aligawe kwa 8 kwanza kabla ya kitu kingine chochote.